Filamu mbovu za mwaka, kwa sheria za Masese

Masese, ukifika mlangoni pa kibanda cha video, huulizi kama filamu ni nzuri. Unauliza nani katafsiri. Ubao mweusi uliosimamishwa nje unakupa saa, jina la filamu kwa chaki na tahajia ya aliyeliandika, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote, jina la VJ: JINGO, JUNIOR, EMMIE. Mwigizaji huandikwa nafasi ikibaki. Mwongozaji sijapata kumwona ubaoni. Huku London ninakoishi siku hizi, mwongozaji ndiye mwenye filamu, na ikiharibika aibu ni yake. Kila mwaka ukiisha, magazeti yanapanga orodha za filamu zilizochekesha kwa ubovu na zile zilizoumiza. Na mimi ninayo yangu ya 2025, ila vipimo nilivyotumia ni vya nyumbani.

Kwa asiyepajua: Masese ni mwalo wa Ziwa Victoria. Unatoka Jinja mjini, unaipita mitaa ya Walukuba ambayo serikali ya kikoloni iliwajengea wafanyakazi, unateremka ziwani. Watu walikuja pale kutoka kila upande, Wajaluo, Wasamia, Wagisu, Wakaramoja, wakawakuta Wasoga wenye mahali pao, na ndiyo maana wengine wetu tulikulia ndani ya Kiswahili. Biashara ni samaki, na zaidi ya yote mukene, hao ambao kwa watu wa Mwanza ni dagaa. Mukene huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, mitumbwi inabaki nchi kavu, na vijana wana pesa mfukoni na hawana pa kwenda. Mwenye kibanda chetu aliufuatilia mwezi kuliko shehe anayengoja Ramadhani. Muvi kali alizitunzia siku hizo.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabanzi na mabati, blanketi mlangoni la kuzuia mwanga, mabenchi yasiyo na egemeo, jenereta ikinguruma nyuma. Kiingilio shilingi mia tano, na kwa mia tano hiyo ungeweza kuangalia filamu mbili kama bwana wa mlangoni hakukukumbuka. Kuhusu hakimiliki, sheria ya Uganda ya mwaka 2006 ipo, na vibanda vipo. Tuendelee.

Asiyemjua VJ hudhani ni mkalimani tu. Ni zaidi. Anaipunguza sauti ya filamu, anaongea yeye kwa Kiluganda, halafu anairudisha sauti risasi zikianza. Maneno ya wahusika anayatafsiri mpaka yanapomchosha, kisha anaongeza ya kwake. Jambazi wa Hong Kong anapewa jina la kitongoji cha Kampala na deni la kodi ya nyumba. Mama mzungu anayelia dirishani anaambiwa mume wake ameonekana kwenye baa za Kabalagala. Kwetu Masese kulikuwa na ngazi moja zaidi: wapo waliokuwa hawakijui Kiluganda vizuri, kwa hiyo jirani kwenye benchi aliwageuzia kwa Kiswahili, akiruka asiyoyapata na kuweka yake. Hadithi ilipofika benchi la nyuma ilikuwa filamu ya tatu, na sijui kama Jackie Chan mwenyewe angeitambua.

Wakenya watasema wana DJ Afro, Watanzania watamtaja Lufufu, na ni kweli, kazi ni hiyohiyo kwa Kiswahili moja kwa moja. Sibishani nao. Nasema tu kwamba mtu aliyelelewa na watu hawa anapata ugumu wa kuelewa anapoambiwa filamu fulani ni mbovu. Mbovu mkononi mwa nani?

Kwa sheria za Masese filamu inaharibika kwa njia chache. Ya kwanza, steringi, yaani shujaa wa filamu, kufa. Steringi hafi; akifa kabla ya mwisho na asiwepo wa kulipiza, watu wanaidai pesa yao mlangoni. Ya pili ni watu wazuri kutazamana kimya muda mrefu, ingawa hapo VJ mkali anaweza kuokoa jahazi: "Huyu sasa anafikiria kama jiko alizima." Mbale kwa binamu zangu waliongeza sheria ya kwao. Steringi akipigwa ngumi moja akapiga kelele, kibanda kizima kilimhukumu kuwa hajatahiriwa, na baada ya hapo hata aue watu mia, heshima hairudi. Kwa Wagisu, anayesimama kutahiriwa kwenye imbalu hatakiwi hata kupepesa jicho, sembuse kulia. Nimewaona wakimzomea Van Damme kwa kosa hilo, mtu mwenye miguu kama ile!

Sasa London. Nyuma kidogo ya Leicester Square kuna sinema iitwayo Prince Charles, na humo kwa miaka mingi wamekuwa wakionyesha The Room ya Tommy Wiseau, ya mwaka 2003. Wiseau aliiandika, akaiongoza, akailipia, akaigiza yeye. Inasemwa ilimgharimu dola milioni 6, na katika wiki zake mbili za kwanza Los Angeles ilirudisha kama dola 1,800. Alitaka kutoa machozi. Walimwengu wakacheka, wakarudi kucheka tena, wakawa waumini. Sebuleni mwa nyumba ya kwenye filamu kuna picha ya kijiko kwenye fremu. Kila inapoonekana, watazamaji wanarusha vijiko vya plastiki. Wanaume wengine huja na suti na mpira wa Kimarekani, kwa sababu ndani ya filamu kuna wanaume wanaochezea mpira wakiwa wamevaa suti bila sababu inayojulikana.

Niliipenda. Niliingia nikasikia watu wazima wanaikemea skrini kwa sauti, na katika nchi ambayo ukikohoa sinemani unageukiwa, moyo ulitulia. Lakini baada ya muda niligundua kwamba kelele zile zimekaririwa. Kila mtu anajua aseme nini na lini, na ukitoa neno lako jipya linaanguka sakafuni pamoja na vijiko. Utani uliotungwa miaka kumi na zaidi iliyopita unaimbwa kama liturujia. Masese hakuna aliyejua VJ atasema nini, na wakati mwingine hata VJ mwenyewe hakujua.

Halafu kuna Wamarekani na tuzo zao za Razzie, zilizoanzishwa na John J. B. Wilson mwaka 1981. Wanachama wanalipa ada, wanapiga kura, na aliyeharibu zaidi anatunukiwa tunda la rasiberi la plastiki lililopuliziwa rangi ya dhahabu. Halle Berry alilipokea mwenyewe mwaka 2005 kwa ajili ya Catwoman, akiwa na Oscar yake mkononi, na kwa hilo namvulia kofia. Ila jicho lao silitegemei sana. Mwaka ule wa kwanza walimteua Stanley Kubrick kuwa mwongozaji mbovu na Shelley Duvall kuwa mwigizaji mbovu, wote kwa The Shining, ambayo leo inafundishwa vyuoni. Uteuzi wa Duvall waliufuta mwaka 2022, miaka zaidi ya 40 baadaye. Mwaka 2025 wakampa Francis Ford Coppola, mzee aliyetoa dola milioni 120 za kwake kutengeneza Megalopolis. Filamu ile ni fujo, sikatai. Lakini mwanamume anayeuza sehemu ya biashara yake ya mvinyo ili atengeneze fujo yake mwenyewe, Masese angeingia bure.

Ugomvi wangu mkubwa na wenzangu wa huku unahusu Wakaliga. Kila wakijua natoka Uganda wananiuliza kama nimeona Who Killed Captain Alex?, na wanaitaja pumzi moja na The Room, kama vile ni ndugu wa tumbo moja. Isaac Nabwana aliitengeneza mtaani kwake Wakaliga, Kampala, ikatoka mwaka 2010. Gharama inayotajwa sana ni dola 200. Bunduki zake zilichomelewa na Dauda Bisaso kutokana na vyuma chakavu. Trela ilipowekwa intaneti dunia ikaangua kicheko na ikadhani imemkamata mtu asiyejijua.

Nabwana anajijua vizuri kuliko wanaomcheka. Alikuwa akiwatengenezea watu wa vibandani, waliozoea kusikia filamu ikitaniwa wakati inaendelea, ndiyo maana sauti ya VJ Emmie imo ndani tangu mwanzo hadi mwisho. Emmie anaisifu filamu kuliko inavyostahili, anakutangazia vita dakika moja kabla havijaanza, anamdharau steringi, anakumbusha kwamba hii ni Uganda. Tusi lolote ambalo mhakiki wa London angeliandaa, Emmie amekwisha kulisema, tena kwa ucheshi zaidi. Toleo lisilo na VJ halipo tena: kompyuta ilihitaji nafasi, faili zikafutwa, kilichosalia ni kile chenye sauti ya Emmie. Na aliyemuua Captain Alex hatajwi hata majina ya mwisho yakipita. Mwaka 2016 Bad Black, ya hukohuko Wakaliga, ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest, Texas, na mwaka 2019 Crazy World ikaonyeshwa Toronto usiku wa manane. Wiseau alitaka watu walie, wakacheka. Nabwana alitaka wacheke, wakacheka. Anayewaweka hawa wawili rafu moja hajakaa kwenye benchi.

Ndugu zangu wa Dar nao wasidhani nimewasahau, kwa sababu kwenye maumivu wana kiti chao. Mnazijua zile muvi za Bongo ambamo gari linapiga honi getini, mlinzi anakuja taratibu, geti linafunguliwa, gari linaingia, linaegeshwa, mama anashuka, anafunga mlango, anakumbuka pochi, anaufungua, anaufunga, anapanda ngazi, anasalimiana na hausigeli, anakaa, ndipo anasema, "Nimechoka." Na hapo hatujafika popote, kwa kuwa kisa chenyewe kimo kwenye sehemu ya pili, inayouzwa peke yake. Niliziangalia kwa mapenzi. Ziliniuma kwa mapenzi.

Basi, mwaka 2025. Mbovu tamu kuliko zote kwangu ni War of the Worlds ya Ice Cube, iliyotoka Julai kwenye Prime Video. Kwa karibu muda wote wa filamu Ice Cube anakaa kwenye dawati la serikali anatazama kompyuta, na sisi tunamtazama akiitazama. Viumbe kutoka anga za mbali wanashuka kuishambulia dunia, naye anafungua dirisha jingine la kompyuta. Niliiangalia East Ham, huku London, sebuleni kwa rafiki, na mmoja wetu aliyekulia Bugembe, Jinja, alijiteua kuwa VJ. Hakupata kazi nyepesi kuliko hiyo maishani. Uso mmoja, umekunja ndita, dakika baada ya dakika. Unaweza kuuwekea maneno yoyote. Ilipobainika kwamba viumbe wale wamekuja duniani kula data, nusu ya sebule ilikuwa chini kwenye zulia. VJ akatangaza kwamba hatimaye tumewajua wanaomaliza bando zetu tangu zamani, na kwamba walianza mafunzo mwaka 2018, siku zile za kodi ya shilingi 200 kwa siku ili uingie WhatsApp.

Kisha inakuja ile sehemu ya droni. Dunia inaangamia, tumaini pekee ni kifurushi kinachopelekwa na kijana wa Amazon, droni inaanguka chali, na anatafutwa mpita njia wa kuigeuza. Anaahidiwa vocha. Ya Amazon. Katika filamu inayoonyeshwa na Amazon. Hapo VJ wetu alinyamaza kwa heshima, akasema ameshindwa, wao wenyewe wameimaliza.

Yenye kuumiza kuliko zote ni The Electric State ya ndugu Russo, ya Netflix, iliyotoka Machi. Inasemwa imekula dola milioni 320. Hakuna kilichovunjika ndani yake. Roboti zinang'aa, Chris Pratt ana nywele ndefu, kila dakika chache mtu anatoa utani mdogo uliopimwa kwenye mkutano. Na hapo ndipo kidonda kilipo: nafasi ya VJ imekaliwa tayari, na aliyeikalia hachekeshi. Yule wa Bugembe alijaribu robo saa, akaenda jikoni kuangalia ugali. Kibandani mtu akichoka huinuka, blanketi la mlangoni linafunguka, mwanga unaingia, na mwenye kibanda anaelewa. Netflix wao hawalioni blanketi. Wewe unasinzia na mashine inahesabu kwamba umetazama.

Snow White ya Disney sijaiweka kwenye orodha, kwa sababu bado tunasubiriana kuiangalia. Vibeti wake saba wametengenezwa kwa kompyuta, na VJ ameshawapa majina ya mitaa ya Jinja na jirani zake ili asichanganyikiwe: Bugembe ndiye mwenye hasira, Wairaka ndiye msomi, Njeru anapiga chafya, Kakira anapenda sukari, Mafubira anasinzia, Walukuba ni yule bubu. Wa saba hatujakubaliana. Yeye anataka Mpumudde, na mimi nimemwambia nisiposikia Masese, ugali apike mwenyewe.