Mpumbu wa Mto Luapula

Toka Lubumbashi hata Kasenga ni mwendo wa kilometa 200 hivi. Hapo barabara yakoma mbele ya mto Luapula. Ng'ambo ni Zambia, na maji yateremka kaskazini hata ziwa Mweru, ambalo nchi zetu mbili zalishiriki.

Sokoni tuliona mafungu ya chisense, samaki wadogo mno, wavuliwao usiku kwa taa. Tukauliza, "Na mpumbu?" Kijana muuzaji akacheka: jina alilisikia, samaki hamjui.

Mzee mmoja, mwana wa mvuvi, alikuwa akishona wavu karibu. Tukamwamkia, tukamwuliza, "Baba, mpumbu alikwenda wapi?" Akajibu, "Hakwenda popote, wanangu. Tulimla pamoja na watoto wake tumboni."

Maana yake ni hii. Mpumbu aliishi ziwani, lakini hakuzaa humo. Mvua za kwanza zilipojaza mto, makundi makubwa yalipanda Luapula kuelekea maporomoko ya Mambilima, majike yamejaa mayai. Zamani watu waliwangoja kwa mikuki na mitego, wakala, wakakausha, na wengi wakapita. Lakini tangu miaka ya 1920 wafanya biashara Wagiriki walikaa Kasenga. Samaki wakatiwa katika barafu, wakapelekwa kwa malori mpaka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kulisha wafanya kazi wa migodi. Bei ikapanda, nyavu zikazidi, zikatandazwa mtoni siku zile zile za kuzaa. Kila jike aliyenaswa alikufa na kizazi chake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 makundi yale yalikwisha. Wavuvi wakageukia samaki mwingine, aitwaye pale, na baadaye chisense.

Mpumbu hakufutika duniani, maana yumo hata katika mto Zambezi. Bali katika Luapula amekuwa adimu. Upande wa Zambia sheria yafunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hata mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaa. Lakini samaki hajui mpaka: ukingo mmoja ukifunga na mwingine ukivua kwa siri, wote wawili wapata hasara.

Tulipoaga, mzee alitwonyesha matundu ya wavu wake, mapana ya kupitisha samaki mchanga. "Wenzangu wanicheka," alisema, "lakini nina wajukuu."