Mandazi Hakuwa na Mawazo, Alikuwa Mgonjwa

Ile video ya Mandazi amekaa kwa kona, manyoya yamesimama, nimeweka muziki wa huzuni na kuandika "Mandazi ana mawazo", ndiyo video yangu iliyotazamwa sana mwaka huu. Mlicheka. Mmoja akaandika, "Huyu ni mimi tarehe 25." Mimi pia nilicheka. Manze, mnyama alikuwa anakufa.

Kwa wageni: Mandazi ni simbilisi. Watoto wa ploti yetu hapa Zimmerman humwita panya asiye na mkia. Nilimnunua wiki ile niliacha chuo, na mathe hadi leo husema nilirudisha shahada nikapewa panya.

Kati ya komenti zote, moja haikuwa na kicheko: "Anakula? Angalia kinyesi chake." Kwanza nikakasirika. Kwani wewe ni nani? Halafu nikaangalia. Simbilisi mzima hunya mchana kutwa, usipofagia asubuhi, jioni ni aibu. Siku hiyo kulikuwa na punje chache, ndogo, kavu. Na bakuli lilikuwa limejaa.

Nikatazama klipu zote za wiki hiyo. Yote yalikuwa pale. Jumatano nachakarisha mfuko wa chakula na hapigi zile kelele zake. Alhamisi anatembea kama mzee wa magoti. Ijumaa ananusa chakula, anaondoka. Nilirekodi kila kitu na sikuona chochote.

Nikakimbia agroveti ya mtaa. Jamaa akatoa amoksilini, ati nimpe kidogo kwa maji. Nilikuwa nishafungua M-Pesa. Yule wa komenti, tulikuwa tunaandikiana, akajibu kwa herufi kubwa: USIMPE. Dawa za jamii ya penisilini, simbilisi akizimeza, huua bakteria wazuri wa tumbo lake, na yeye mwenyewe anaweza kufuata. Akanielekeza kwa daktari wa mifugo upande wa Kabete.

Matatu mbili, Mandazi ndani ya boksi la viatu, mama mmoja ananiuliza kama ni vifaranga.

Daktari akamshika miguu ya nyuma, Mandazi akalia. Akamwangalia meno. "Kawaida ana uzito gani?" Sikujua. Wafuasi wangu ningemtajia hadi wa mwisho. Mizani ikasema gramu 610.

"Unamlisha nini?"

Peleti za sungura na nyasi kavu. Sukuma na hoho nilikuwa nimeacha kununua zaidi ya mwezi, doo ilikuwa imekaza.

"Kiseyeye," akasema. Simbilisi ni kama sisi, mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C. Sungura hujitengenezea, ndiyo maana chakula chake hakimtoshi simbilisi.

Nikauliza mbona hakuonyesha mapema. "Kijana, huyu ni mnyama wa kuliwa na wengine. Akionyesha udhaifu, ameliwa. Ukiona ni mgonjwa, ujue ameanza kitambo. Na akikaa siku nzima bila kula, tumbo linasimama. Hiyo ni ya kukimbia, si ya kungoja Jumatatu."

Sikumjibu. Nilikumbuka muhula wangu wa mwisho chuoni, nimekaa kwa kona ya hosteli na wenzangu wanadhani nasoma.

Akamdunga vitamini C, akanipa ya matone ya kuendelea nayo nyumbani. Mengine yalikuwa kazi yangu: kuloweka peleti, kuziponda hadi ziwe uji, na kumlisha polepole kando ya mdomo kwa sirinji bila sindano, kila saa tatu, usiku pia. Usiku wa kwanza alitema karibu yote. Wa pili tulilala wote kwa sakafu, yeye kwa sweta yangu. Siku ya nne nikiwa nakatakata sukuma ya kwangu, kisu kikigonga ubao, nikasikia wiii! Niliacha sufuria ikaungua.

Mguu mmoja wa nyuma bado anauburuta kidogo. Nilinunua mizani ya jikoni, na kila Jumapili kabla sijafungua simu namweka juu. Juzi ilikuwa gramu 702.

Video sijaifuta. Nimebandika ile komenti juu kabisa.