Kitabu cha Gari Kimeandikwa kwa Mtu wa Masaki

Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, ukipita Dodoma, Manyoni na Itigi, ni zaidi kidogo ya kilomita 800. Kwa gari lililoizoea njia hiyo ni safari ya kuchosha, basi. Lakini ukikabidhiwa Land Cruiser jipya, geji inasoma tarakimu mbili na viti bado vina nailoni, safari hiyo moja inakula karibu kipindi chote ambacho kitabu cha gari kinataka ulidekeze. Kitabu chetu kilisema ukaguzi wa kwanza ni kwenye kilomita 1,000. Ukifika Tabora, ukampeleka tajiri Urambo na kumrudisha, elfu imetimia. Na karakana ya wakala iko kulekule ulikotoka.

Kitabu hicho kimeandikwa kwa mtu wa Masaki. Anaendesha kwenda ofisini Posta, jioni anapitia Mlimani City, na miezi inapita kabla elfu yake haijatimia. Siku hiyo anaamka, anapeleka gari, anarudi nyumbani na bajaji. Dereva wa mkoani lazima akisome kitabu hichohicho kwa akili nyingine. Vijana wanaokabidhiwa mashangingi mapya huku kwetu huniuliza kuhusu oili tu, na katika sevisi ya kwanza oili ndiyo sehemu rahisi.

Gari jipya kabisa Tabora si kitu cha kila siku. Magari mengi ya watu binafsi hapa ni mitumba ya Japani. IST au Noah likishuka bandarini lina miaka kumi na ushee, na sevisi yake ya kwanza ni ya kubahatisha. Unafungua mlango wa dereva, unakuta kijikaratasi cha gereji ya kule kinachoonyesha oili ya mwisho ilimwagwa lini, na unachoweza kusoma ni tarakimu peke yake. Unamwaga kila kitu, unabadilisha filta zote, unaanza historia upya. Mafundi wetu wamekulia kwenye magari hayo na wanayajua kwa kuyapapasa gizani. Gari la zero kilomita lina shida ya namna nyingine, maana lina dhamana. Letu lilikuwa na miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia, na dhamana hiyo inaishi kwenye mihuri ya kitabu. Ukikosekana mhuri mmoja, siku injini ikikorofisha utajibu maswali ambayo hukuyaandalia majibu.

Kwa hiyo sevisi ya kwanza inaanza siku unapotoka shoorumu. Mwongozo wa gari unataka kilomita 300 za mwanzo usifunge breki za ghafla. Hadi 800 usivute tela. Hadi 1,000 usilikimbize kupita kiasi, usikanyage mafuta kwa pupa, tena usikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Hili la mwisho madereva wengi hawalijui. Wanadhani kulitunza gari jipya ni kwenda themanini bila kubadilika, kama msafara wa harusi. Ringi za pistoni zinataka kusukumwa na kuachiwa, kusukumwa na kuachiwa, ndipo zikae vizuri kwenye kuta za silinda. Ukiliswaga gari kwa mwendo uleule kutwa nzima, unazinyima nafasi hiyo.

Barabara yetu, kwa bahati, inakulazimisha kutii. Chalinze kuna matuta, Morogoro kuna foleni, Kibaigwa malori ya mahindi yanaingia na kutoka bila kuuliza mtu, na kila kijiji kina kibao cha 50 na askari mwenye tochi chini ya mti. Nilimwambia mmoja wao kwamba ananisaidia kulainisha injini. Hakucheka.

Kishawishi kinaanzia Manyoni. Kutoka hapo hadi Tabora ni kilomita 259 za lami, na ukishavipita vile vichaka vya Itigi unaingia miombo mitupu: Chaya, Tura, Nyahua. Zamani kipande cha Nyahua hadi Chaya kilikuwa vumbi na tope kwa zamu, na wengi wetu tulizunguka kwa Singida na Nzega. Sasa lami imenyooka, watu hawaonekani, na mbung'o wanakufukuza kwa sababu mdudu huyo hufuata kitu kinachotembea. Mguu unakuwa mzito. Hapo ndipo nilipomwona kijana mmoja akinipita na Prado jipya la ofisi kwa mwendo ambao hata sitauandika.

Tura napapenda. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo kwa kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, ikalivuka pori la Mgunda Mkali kwa kiu, na kwa kufika Tura ilijua kwamba imeingia Unyamwezi. Richard Burton na John Speke walitoka pwani Juni 1857, wakaingia Kaze, ambayo ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba, siku yao ya 134. Wanyamwezi waliofanya upagazi katika njia hiyo walibeba karibu frasila mbili kila mmoja, yaani kilo thelathini na kitu. Mimi nikitoka Dar alfajiri na kulala Dodoma, kesho yake mchana nipo Tabora, na kiyoyozi kimeniumiza koo. Tajiri wangu anayasema haya kila akitaka kunionyesha kwamba pwani ni karibu. Ni karibu kwa mtu. Kwa gari lenye dhamana, pwani bado iko mbali, kwa sababu kila mhuri unadai kilomita 800 za kwenda na 800 za kurudi.

Suala hilo linamalizwa kwenye kaunta, kabla hujapokea ufunguo. Waambie waziwazi: gari hili linaishi Tabora. Usiseme linakwenda mkoani, maana Kibaha nayo ni mkoani. Mimi nilisema, yule dada wa mapokezi akatazama ramani iliyokuwa ukutani, akaenda kumwita mkubwa wake. Wakakubaliana kwamba ukaguzi wa elfu ufanyike gari litakaporudi Dar mara ya kwanza, na nikaomba maneno hayo yaandikwe kwenye kitabu, yapigwe mhuri, yatiwe sahihi. Makubaliano ya mdomo hayasafiri hadi Tabora. Wenzangu wengine huelekea Mwanza, kama wakala wa gari lao ana karakana huko. Sisi tajiri ana shughuli zake Dar, kwa hiyo safari ya gari tuliifungamanisha na ya mfuko wake.

Kuna fundi mmoja hapa Ng'ambo, mstaafu wa reli, ambaye namheshimu kuliko kompyuta. Nilipompelekea gari alione tu, alifungua boneti, akatazama ile mifuniko ya plastiki iliyofunika kila kitu, akaifunga tena. Ndani yake mna V6 ya dizeli, lita 3.3, turbo mbili, ingawa mtaani gari hilo litaitwa V8 mpaka kiyama. Akaniuliza: "Oili ya kwanza wanamwaga lini?" Nikamwambia kitabu kinasema 5,000, ile ya 1,000 ni ukaguzi. Akatikisa kichwa. Kwake yeye, injini mpya inasagana, vumbi la chuma linaingia kwenye oili, na oili hiyo haina ruhusa ya kubaki ndani hadi 5,000. "Mwanangu, hata injini za treni tulikuwa tunamwaga mapema."

Vijana wa karakanani wanasema hayo ni mambo ya zamani: vyuma vya siku hizi vinakatwa kwa usahihi, na filta inatosha kukamata kinachobaki. Nadhani kwa gari la Masaki wako sahihi. Gari linalopumua vumbi la vituo vya tumbaku tangu wiki yake ya kwanza ni jambo jingine, na gharama ya galoni mbili tatu za oili ni ndogo ukiilinganisha na bei ya injini hiyo. Nilimweleza tajiri hivyo, naye, ambaye hubishana na wauza karanga, alikubali bila neno kwamba oili imwagwe kwenye ukaguzi wa elfu.

Kuna jambo lingine ninalolifanya ambalo madereva wenzangu hunicheka nalo. Naweka mafuta kwenye vituo vilevile, na risiti zote zinakaa kwenye bahasha ndani ya gari. Injini za dizeli za sasa zinasukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa sana kupitia nozeli zenye matundu ambayo jicho haliyaoni. Maji kidogo au uchafu kidogo unaziua. Nozeli ikifa, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba umeweka mafuta mabaya. Mwenye risiti hubishana akiwa amekaa.

Siku yenyewe ya ukaguzi nilifika karakanani kabla geti halijafunguliwa, baada ya kulilaza gari Dar na kuliosha. Liosheni, tena chini hasa. Fundi akikuta chassis imejaa udongo mwekundu, mvujo wa oili hauonekani, na hana muda wa kuutafuta. Aliyenipokea alisoma namba ya simu na anwani, akasema, "Ah, Mnyamwezi! Leo umebeba nini kutoka bara?" Kumbe Mzaramo wa Kisarawe. Utani wa watu wake na wangu ulizaliwa kwenye njia hiyohiyo ya misafara, na unaruhusu mengi. Nikamwambia nimekuja kudai hongo ambayo babu zake walituchukulia. Tukacheka, na kazi ikaenda vizuri zaidi. Hilo nawaambia vijana kwa dhati, kwa sababu mtu aliyecheka na wewe hatakuandikia "gari liko sawa" bila kulitazama.

Kisha kadi ya kazi. Hapa ndipo dereva anapolipwa mshahara wake. Mpokeaji anataka kuandika "sevisi 1,000" na kugeukia mteja anayefuata. Mzuie. Mwambie unayoyajua, naye ayaandike kwa maneno yako. Mimi nilikuwa na matatu. Kuna mluzi juu ya paa ukifika themanini, unakata ukipita mia. Usukani unavuta kidogo kushoto kwenye lami tambarare, si kwenye lami iliyoinama. Taa ya maji kwenye dizeli haijawahi kuwaka. Hilo la tatu alishangaa. Nikamwambia aliandike: siku ikiwaka, nataka ijulikane kwamba mwanzoni haikuwaka.

Wakalipandisha. Mteja haruhusiwi kuingia ndani, kuna sebule yenye kahawa na kioo kikubwa. Wenye magari hukaa wakitazama televisheni. Mimi nilisimama kwenye kioo, na nilipoona wanafungua nati ya oili niliomba kwa adabu kuiona ikishuka. Waliniletea kidogo kwenye kikombe cha plastiki. Niliisugua kati ya vidole. Haikukwaruza, lakini nilipoigeuza juani ilimeta kidogo, ule mmeto wa kijivu ambao mzee wa Ng'ambo alikuwa ameniambia nitauona. Fundi kijana aliutazama naye. Hakusema kitu, wala sikumwambia nilikwambia.

Mluzi ulikuwa wa keria ambayo tajiri aliifungisha kwa fundi wa mtaani siku aliyonunua gari: boliti mbili za mbele zilikuwa hazijakazwa. Kuvuta kushoto kulikuwa upepo wa tairi, haukuwa sawa. Kwa hilo mlaumuni aliyejaza mara ya mwisho, ambaye si mimi. Wakakagua breki, mikanda, maji, boliti za chini, wakachomeka kompyuta, ikasema hakuna kosa. Kompyuta haikuusikia mluzi.

Nikaulizia spea. Ukiwa Tabora lazima uulizie kabla hujazihitaji: filta ya oili, ya dizeli na ya hewa, zipo ghalani au zinaagizwa? Kusubiri kitu kutoka pwani kwetu kuna historia ndefu. Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe lililojengwa upya na kufanywa makumbusho, mahali ambapo Stanley alimwacha Livingstone Machi 1872 akaenda kumtafutia wapagazi Zanzibar. Wapagazi walifika Agosti. Mzee yule alikaa miezi akihesabu. Mimi nilinunua filta za hewa mbili za akiba papo hapo, maana kiangazi chetu kinaziziba haraka na hizo naweza kuzibadilisha mwenyewe bila kugusa dhamana. Hata hilo niliuliza kwanza, nikataka liandikwe.

Mhuri ukapigwa. Kabla sijatoka getini simu ikalia. Tajiri, akiwa Kariakoo, anataka kujua kama tunaweza kuunganisha moja kwa moja hadi Urambo, kuna malori yake yamekwama mnadani. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya njia ile: kurudi Tabora 800, na kabla ya mwezi kwisha, kwa jinsi anavyopenda Urambo, tutakuwa tunaikaribia 5,000 huku karakana ikiwa pwani. Nikamwambia Land Cruiser litamfikisha Tabora. Urambo aende na Prado lake.