Malundo Yale Yale

Watu wengi huyaita malundo ya nyasi kavu. Si nyasi, msomaji mwenzangu, ni ngano. Wakulima wa Giverny, kijiji cha Normandy kule Ufaransa, walikuwa wakipanga miganda ya ngano isiyopurwa mpaka inafika futi 15 hata 20, kisha wanaiezeka juu kama kibanda ili mvua isipenye. Mashine ya kupuria ilizunguka kijiji hadi kijiji, na zamu yako ingeweza kuchelewa miezi. Kwa hiyo lile lundo lilikuwa ghala. Chakula cha mtu kimesimama nje, kwenye baridi.

Claude Monet alianza kuyachora mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 1890, shambani kwa jirani. Akaendelea mpaka theluji, mpaka 1891. Picha zapata 25! Hali ya mwanga ikibadilika, anaweka turubai hii kando na kushika nyingine. Mwezi Mei 1891 alionyesha 15 mjini Paris, kwa mfanyabiashara Durand-Ruel.

Mimi ninazo chache tu, kwenye kitabu nilichonunua kwa mwuza mitumba, rangi zimefifia. Hata hivyo tazama kivuli juu ya theluji: si cheusi hata kidogo, ni buluu. Ile ya jua linapotua, lundo limeungua kingo, nyekundu, utadhani linataka kushika moto. Mrusi Kandinsky alipoona mojawapo Moscow hakutambua ni kitu gani mpaka aliposoma orodha ya maonyesho. Mwaka 1896 akaachana na sheria, akaenda Munich kujifunza uchoraji.

Sasa, riwaya yangu yote iko uani kwa nyumba moja ya kupanga, penye bomba moja. Mhariri mmoja aliniambia, "Kijana, mbona hakuna kinachotokea? Tia jambazi, tia mapenzi." Washikaji nao: "Bomba tu, kaka? Bomba?" Mama hasemi kitu, anaacha tu gazeti limefunguliwa kwenye ukurasa wa nafasi za kazi. Usiku nikifungua kile kitabu napata mtu wa kunitetea: mzee wa miaka hamsini, amesimama kwenye baridi, anarudia lundo lile lile.

Lakini nina ugomvi naye. Waliofunga ile miganda wako wapi? Mbali kunaonekana mapaa ya nyumba, watu hamna. Moja ya picha hizo iliuzwa New York mwaka 2019 kwa zaidi ya dola milioni 110, na mkono wa mvunaji haumo. Mwanga ameutendea haki, sikatai. Mwenye ngano je?

Sura ya bomba naiandika kwa mara ya nne. Safari hii ni saa kumi alfajiri, maji ndiyo kwanza yanaanza kukoroma kwenye mpira, na yule mama wa ndoo ya buluu kawahi kuliko wote. Bado sijampatia jina.