Sindano na Sahani

Kila mtu ana saa anazozitii. Mkulima hutii jogoo, mwanafunzi hutii kengele. Mimi hutii zaidi saa ya sindano, kwa kuwa nina maradhi ya kisukari, na kongosho langu halitoi tena insulini, homoni inayoifungulia sukari mlango wa kutoka katika damu na kuingia katika chembe za mwili. Zamani mtu wa hali yangu alihesabiwa miongoni mwa wafu. Mwaka 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini akapata nafuu, nasi tuliomfuata tukapata njia.

Lakini dawa hii ina adabu yake. Insulini ya kawaida, ambayo ndiyo yangu, haianzi kazi papo hapo. Hudungwa yapata dakika 30 kabla ya kula. Chakula kikichelewa mno, sukari ya damu hushuka kwa hatari. Sindano ikichelewa, sukari hupanda pasipo wa kuizuia.

Siku moja shuleni nilijidunga saa sita na robo, nikitumaini kuwa mezani saa saba kasorobo. Mara akaja mgeni, na shule yote ikaitwa uwanjani. Nikasema moyoni: maneno mawili matatu, kisha ugali. Kumbe maneno huzaa maneno. Saa saba ikapita, saa saba unusu ikakaribia. Mikono ikatetemeka, jasho baridi likanitoka, nyuso za wanafunzi zikawa mbili mbili. Mfukoni sikuwa na hata peremende. Kuinuka ningeweza, kuomba ningeweza, ila haya ilinifunga kinywa, maana nilikuwa nimewaficha wenzangu maradhi yangu kana kwamba ni wizi. Nikaanguka.

Aliyeniokoa ni msichana wa kidato cha pili, ambaye mama yake ana maradhi kama yangu. Alipaza sauti, "Mwalimu apewe sukari!" Alipoona kuwa ningali na fahamu na naweza kumeza, akaninywesha chai yenye sukari tele. Baada ya robo saa nilimtambua, kisha nikaletewa chakula. Aliyezimia kabisa hatiwi kitu kinywani; hukimbizwa hospitali.

Siku ile mwalimu alifundishwa na mwanafunzi. Tangu hapo sijidungi mpaka niwe na hakika kwamba chungu kimekwisha kuteremshwa jikoni, au ki karibu. Sukari haikosi mfukoni mwangu, na kila darasa ninaloingia huliambia hali yangu waziwazi. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kilininyoshea kidole tu, kikaniacha. Basi, kijana msomaji, ukiwa na maradhi kama haya, yaseme. Na ukiona mwenzako anatetemeka karibu na saa ya chakula, usimcheke. Mkimbilie na sukari.