Dundu wa maua tuliyemwona Kiambi

Wiki iliyopita tulikuwa Kiambi, ukingoni mwa mto Luvua. Mto huo unatoka ziwa Mweru, unashuka kwa maporomoko mpaka Kiambi, kisha unatulia, na mitumbwi inaenda nao hadi Ankoro, unapokutana na Lualaba. Tulikwenda kutembelea mashamba ya wenzetu, lakini aliyetuchelewesha ni mdudu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na miti ya miombo ilikuwa na maua. Watoto walikuwa wamemfunga dundu uzi mguuni, anazunguka hewani akivuma kama pikipiki ya mbali. Tulimtazama kwa karibu: njano na kahawia, mgumu kama ukucha. Madundu wengi wakiruka hufungua magamba ya mgongo. Huyu haonekani kuyafungua. Mabawa hutokea ubavuni, naye huyo! Chakula chake ni chavua, maji ya maua na matunda yaliyoiva sana. Embe likipasuka huingia mpaka ndani, na hapo hatumtetei.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka jana tulikuta mabuu weupe, wanene, ndani ya rundo letu la samadi ya mbuzi. Tukayaogopea mahindi. Mabuu tukawapa kuku, na samadi yote tukaimwaga kando ya njia. Mahindi ya mwaka ule yalitoka membamba, na wengine wetu waliuza hadi vikwembe ili kununua unga.

Huko Kiambi mama mmoja mzee alichimbua buu wa namna ile ile kwenye jalala lake, akamweka juu ya ungo. Buu akajigeuza chali, miguu juu, akaanza kutembea kwa mgongo! Tulicheka mpaka machozi.

“Huyu ni mtoto wa dundu wa maua,” akasema. “Anakula majani yaliyooza na samadi, na choo chake ni mbolea. Wale wanaokula mizizi ya mahindi hawatembei hivi. Wanajikunja, ama wanajikokota kwa miguu.”

Hatukumjibu. Tuliikumbuka samadi yetu kando ya njia.

Tuliporudi nyumbani tulifukua rundo jipya na kuweka mabuu 11 juu ya ungo. 9 walitembea kwa mgongo, tukawarudisha taratibu na kuwafunika majani. Wale 2 walikwenda kwa kuku.