Kutoka Shauri Moyo Hata Mukuru: Nyumba na Barabara za Mashariki ya Nairobi

Mtu ashukaye katika stesheni ya gari la moshi ya Nairobi asubuhi na mapema, akageuza uso wake upande wa macheo, hana haja ya kuuliza njia. Atawaona watu kwa maelfu wakimjia mbele yake: makarani wenye viatu vilivyopigwa rangi, mafundi wenye vifuko vya vyombo vya kazi, wanawake wenye mizigo ya mboga, na vijana wasukumao mikokoteni huku wakipiga miluzi ili wapishwe. Wote hao hutoka mashariki kwenda kazini. Yeye peke yake huenda huko watokako.

Barabara aishikayo ni Landhies Road. Jina hilo ni kumbukumbu ya mambo ya kale, kwa kuwa landi zilikuwa ni safu za vyumba ambavyo Reli iliwajengea vibarua wake. Vyumba vilikuwa vidogo, navyo vilikusudiwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto mjini. Maana wakubwa wa siku zile waliamini kwamba Mwafrika ni mgeni wa mji, atafanya kazi kwa muda kisha atarudi kwao shambani. Imani hiyo moja ndiyo iliyozaa mambo mengi ambayo msafiri atayaona mbele.

MJI ULIOONDOLEWA

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mahali pale palikuwa na kinamasi na maji baridi ambayo Wamasai waliyasifu. Mji ukaota upesi kuliko ulivyopangwa. Waafrika nao wakajijengea vijiji vyao kando kando: Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini na Pangani. Nyumba zilikuwa za udongo, nyingine zimeezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyoshwa. Hazikuwa nzuri machoni pa wakaguzi wa afya, lakini zilikuwa na sifa moja kubwa: zilikuwa na wenyewe. Kule Pangani, wengi miongoni mwa wenye nyumba walikuwa wanawake waliojitegemea, waliopangisha vyumba na kuishi kwa kodi yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Pumwani ilitengwa iwe makao ya Waafrika, na vijiji vile vya zamani vikaondolewa kimoja baada ya kimoja. Pangani ilikawia kuliko vingine, lakini ilipofika mwaka 1939 nayo ilikwisha bomolewa. Baadhi ya watu wake walipelekwa katika nyumba mpya za Baraza la Mji zilizojengwa kusini ya Pumwani. Nyumba hizo zilikuwa imara kuliko zile za udongo, nazo zilijengwa kwa mistari iliyonyoka. Hata hivyo aliyekuwa mwenye nyumba jana, leo alikuwa mpangaji.

Mtaa huo mpya ukaitwa Shauri Moyo. Wazee husema kwamba jina hilo lilitokana na jambo lenyewe: mtu aliambiwa ahame, na aliporudi kuuliza afanye nini, hapakuwa na wa kumshauri ila moyo wake. Hata kama asili ya jina ni nyingine, jina limelingana na mambo yaliyotokea. Nyumba ilipangwa, na barabara ilipimwa, ila mwenye kuhamishwa hakuwekwa katika shauri.

BUSTANI YA KALOLENI

Msafiri akivuka karibu na uwanja wa michezo wa City Stadium, huona upande wa kusini miti mirefu na mapaa ya vigae. Hapo ni Kaloleni. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1940, nao ni tofauti sana na landi. Nyumba zake ni za mawe, zimezungushwa kama pete kuuzunguka uwanja, na katikati pana ukumbi wa mikutano. Magari yaendayo kasi hayana njia ya kupita katikati. Watoto huweza kucheza bila ya mama zao kuwachungulia kila dakika.

Kaloleni ilikuwa mfano wa fikira iliyoandikwa kwa urefu katika mpango mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948, kazi ya Thornton White, Silberman na Anderson, mabwana watatu waliotoka Afrika ya Kusini. Walitaka mji ugawanywe katika mitaa midogo, kila mtaa uwe na shule, maduka na ukumbi wake, na barabara kuu zipite nje. Fikira hiyo ilikuwa njema. Upungufu wake ni kwamba nyumba za namna hii zilikuwa chache kupita kiasi kuliko watu waliozihitaji, na mshahara wa wengi haukutosha kulisha jamaa mjini. Mwaka 1954 kamati iliyoitwa kwa jina la Carpenter ilishauri kwamba mshahara wa Mwafrika uhesabiwe kwa mahitaji ya mtu mwenye mke na watoto, wala si ya mtu mmoja peke yake.

Ukumbi wa Kaloleni ulipata sifa ambayo wapimaji wake hawakuifikiria. Wanasiasa na viongozi wa wafanya kazi walifanya mikutano humo, hata watu wakaufananisha na Bunge la Uingereza. Mtaa uliopangwa ili watu wakae kwa utulivu uliwapa mahali pa kukutania, nao walipokutana wakaanza kuyasema mambo yao wenyewe.

BARABARA MOJA, WATU WENGI

Kutoka hapo njia huitwa Jogoo Road. Zamani iliitwa Doonholm Road, kwa jina la shamba la mlowezi. Baada ya uhuru ikapewa jina la jogoo, ndege aliyekuwa alama ya chama cha KANU. Kulia na kushoto mitaa hufuatana: Makongeni, Mbotela, Maringo, Jericho, na Ofafa, ambayo ni ukumbusho wa diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa katika miaka ya Hali ya Hatari. Mbele zaidi iko Buruburu, iliyojengwa kwa mafungu katika miaka ya 1970 na kuuzwa kwa mkopo. Kaskazini yake iko Dandora, ambako tangu mwaka 1975, kwa msaada wa Benki ya Dunia, watu walipimiwa viwanja vipatavyo 6,000 vyenye maji na choo, kisha kila mmoja akajijengea kadiri ya uwezo wake.

Anayetaka kujua kwa nini magari husimama katika Jogoo Road asubuhi na jioni, asiitazame barabara, aitazame mitaa. Afisi ziko magharibi, viwanda viko kusini, na nyumba za wafanya kazi ziliwekwa mashariki kwa makusudi. Kwa hiyo kila siku, saa ile ile, watu wale wale hupita mlango mmoja. Viwanja vya Buruburu vilivyopimiwa nyumba moja vimeongezwa vyumba vya kupangisha na maduka, na kule Pipeline majumba ya orofa saba na nane yamebanana hata jua halifiki chini. Kila chumba kiongezwacho ni mtu mmoja au wawili zaidi katika kituo cha matatu. Aruhusuye nyumba ameruhusu safari pia, hata kama karatasi aliyotia sahihi haikutaja barabara.

Serikali haikukaa bure. Barabara ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012. Outer Ring Road, ipitayo mashariki ya mitaa hii, ilifanywa kuwa ya njia mbili mbili pamoja na njia za pembeni. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya juu ya kulipia, yenye kilomita 27, kutoka Mlolongo hata Westlands. Hizi ni kazi kubwa, na afikaye kiwanja cha ndege kwa muda mfupi hushukuru. Lakini wakaaji wengi wa mashariki huenda kazini kwa miguu, na mwenda kwa miguu hana njia katika barabara ya kulipia. Hata katika barabara ya Thika, ilipofunguliwa, madaraja ya wapita kwa miguu hayakutosha, na watu wengi waligongwa wakivuka kwenda makwao. Barabara iliyopimwa kwa ajili ya motokaa peke yake huwa ni mto kwa asiye na motokaa.

MUKURU: WALIPOULIZWA WENYEWE

Msafiri akiiacha Jogoo Road na kushika Likoni Road kuelekea kusini, atavuka reli na kuingia katika harufu ya viwanda. Nyuma ya kuta za viwanda hivyo, kando ya mto Ngong, iko Mukuru yenye sehemu tatu: Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani. Familia zipatazo 100,000 huishi hapo katika vyumba vya mabati. Ardhi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ilikuwa imegawiwa watu binafsi katika miaka ya 1980 ili wajenge viwanda vidogo, nao wengi hawakujenga. Watu wasio na makao wakajenga.

Wachunguzi walipolinganisha gharama, waligundua jambo la kusikitisha: maskini wa Mukuru alilipia maji na umeme bei kubwa kuliko mkaaji wa mtaa wenye mabomba na nyaya halali. Alikuwa akinunua kwa debe kile ambacho tajiri hununua kwa mita.

Mwezi wa Agosti 2017, Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza kwamba Mukuru ni eneo la mpango maalumu. Maana yake ni kwamba kwa miaka miwili hakuna mtu aliyeruhusiwa kujenga jambo jipya mpaka mpango ukamilike. Muungano wa Wanavijiji, vyuo vikuu na mashirika mengine walikaa pamoja na maafisa wa kaunti. Wakaaji walipangwa katika makundi madogo ya majirani, kila kundi likatoa wasemaji, na wasemaji wakapeleka maneno ya nyumba zao mbele.

Shauri kubwa lilikuwa upana wa barabara. Kama kanuni za kawaida za upimaji zingefuatwa neno kwa neno, barabara pana zingekula nyumba nyingi mno, na wale waliokusudiwa kusaidiwa wangekuwa wa kwanza kufukuzwa. Basi watu wakapima wenyewe: njia ipi lazima ipitiwe na gari la wagonjwa na la zimamoto, njia ipi yatosha mkokoteni, na ipi ibaki ya miguu tu. Mwenye chumba ambacho kingeguswa alikijua kabla ya tingatinga kufika. Tangu mwaka 2020, chini ya idara mpya iliyopewa kazi za mji, barabara zilitiwa lami, mifereji ya maji machafu ikachimbwa, na hospitali zikajengwa. Palipokuwa na tope la kufika vifundoni, watoto walikwenda shule na viatu vikavu.

Kwa bahati mbaya hadithi haiishii hapo. Mwezi wa Novemba 2021, katika Mukuru hiyo hiyo, upande wa Kwa Njenga, matingatinga yalibomoa makao ya maelfu ya watu ili kufungua njia ya barabara ya kuunganisha viwanda na Outer Ring Road. Watu walilala nje katika mvua, juu ya mabaki ya mabati yao. Barabara iliyokusudiwa ilikuwa na faida, wala hapana aliyekana hivyo. Ila katika mtaa mmoja, ndani ya miaka minne, zilionekana njia mbili za kutengeneza barabara: moja iliyoanza kwa kuuliza, na nyingine iliyoanza kwa kubomoa. Ile ya kwanza ilichukua muda mrefu zaidi wa maneno, lakini haikuacha mama na watoto chini ya anga.

NENO LA KUZINGATIA

Mambo haya bado yako mbele ya watu wa mashariki. Mitaa mikongwe ya Baraza la Mji imewekwa katika mipango ya kujengwa upya kwa majumba marefu, na mwezi wa Mei 2025 nyumba za kwanza zaidi ya 1,000 za mradi wa serikali zilitolewa huko Mukuru. Nyumba bora zahitajiwa sana. Choo kimoja kwa watu wengi si jambo la kulindwa kwa ajili ya ukumbusho. Lakini mpangaji wa miaka 40 ana haki ya kujua atakaa wapi nyumba ijengwapo, na kama atarudi, na kwa kodi gani. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Katiba ya mwaka 2010 imeyaweka wazi mambo mawili: kila mtu ana haki ya makao yafaayo, na wananchi hawana budi kushirikishwa katika mambo ya utawala. Maneno hayo hayatajitimiza yenyewe. Tangazo la mpango mpya hubandikwa katika afisi ya chifu au huchapwa gazetini, na siku ya mkutano hutajwa. Kisha viti vingi hubaki vitupu kwa kuwa watu wako kazini, au wameona kwamba shauri limekwisha katwa. Maafisa waitao mkutano saa nne ya asubuhi siku ya kazi wajue wanamwita nani, na wakaaji wasioona faida ya kwenda wakumbuke kwamba asiyekuwapo na lake halipo.

Jua likishuka, umati wa asubuhi hurudi. Jogoo Road hujaa tena, taa za matatu huwaka, na waendao kwa miguu hufuatana kando ya njia mpaka Maringo, mpaka Jericho, mpaka ng'ambo ya reli. Wakipita Shauri Moyo hawalifikirii jina lake. Ila wale wanaokaa humo, na karatasi za mipango mipya zimekwisha wafikia, hulifikiri kila usiku.